Ya Taa au ya Moto?

Nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Butembo, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba kwenye Ikweta kuna joto. Nalisema hilo nikiwa nimevaa fulana, shati, sweta na koti la mitumba ambalo mwenyewe wa kwanza nadhani alikuwa mvuvi wa Norwe. Wanafunzi, mkono mmoja kwapani, wananakili: joto. Ikweta yenyewe haiko mbali, ni kilomita chache kusini mwa mji. Ila Butembo imepanda ikakaa juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huko juu jua la Ikweta linafika limechoka.

Mimi ni mtu wa Beni. Kutoka Beni hadi hapa ni kilomita 54 tu, lakini kwa ngozi ni safari ya Ulaya. Beni mtu analala na shuka moja, nayo asubuhi inakutwa sakafuni. Butembo, usiku wa mvua unapoteremka hadi nyuzi 13 au 14, kuoga asubuhi ni jambo la kuamuliwa na kikao cha familia. Wenyeji wanatucheka. Wanasema hii si baridi, baridi iko Lubero. Nimefika Lubero, wenyewe wakaninyoshea kidole milima mingine.

Nyumbani tupo sita: mke wangu, watoto wawili, Mukaka wetu aliyemzaa baba, kijana wa shangazi aliyekulia Mwanza, na mimi. Mimi ni mwana wa pili wa kiume, kwa hiyo Mnande yeyote anajua naitwa nani. Jikoni kuna dende, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao Watanzania huwaita simbilisi. Ni mali ya Mukaka. Hata nikiwa mimi ndiye ninayelipa kodi ya nyumba, dende wana sauti kuliko mimi.

Habari ya kupasha nyumba moto ilianza na mbabula, jiko la makala. Jioni moja ya Novemba, mvua imetwanga mabati tangu saa nane, Mukaka alitoa mbabula jikoni na kuiingiza chumba cha kulala, makala yamewaka mekundu kama macho ya mlevi. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba si vizuri. Akanijibu: "Mutoto, makala ikishaiva haina ubaya. Ubaya iko mu moshi." Nilitazama makala. Kweli, hapakuwa na moshi hata wa kufukuza mbu mmoja. Nilikuwa na baridi. Nikakubali haraka kuliko inavyompasa mwalimu. Tukafunga dirisha, tukaziba na gunia ule upenyo wa chini ya mlango, tukalala wote chumba kimoja. Dende nao, walipoona jiko limehama, walilifuata.

Asubuhi nilijua kuna jambo kwa sababu ya kimya. Dende wakisikia mtu anakata majani hupiga mluzi wote kwa pamoja. Siku hiyo mke wangu alitikisa majani ya viazi mbele yao, na hawakuitika. Walilala ubavu, mmoja akijaribu kutembea kama anayetoka kunywa kasiksi. Nasi hatukuwa na hali nzuri zaidi: kichwa kinagonga, miguu si yangu, mtoto mdogo anatapika. Tukafungua mlango, tukajikokota barazani, na kwa vile ni Kongo, kila mmoja akasema neno moja: malaria.

Kituo cha afya wakatupima wote. Malaria hakuna. Mukaka akainama akamnong'oneza muuguzi kwamba ni watu, wameturoga, hata dende wamerogwa. Yule dada akaacha kuandika. "Hata dende? Mulilala na mbabula ndani?"

Siku hiyo nilifundishwa jambo ambalo mwalimu alipaswa kulijua. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na damu ya mtu inaipenda zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Ikishakaa kwenye damu, oksijeni inasimama nje kama mgeni asiyepewa kiti. Viumbe vidogo vinaanguka kwanza kwa kuwa vinahema upesi. Na alama yake ya kujulikana ndiyo ile yetu: nyumba nzima inaugua kichwa siku moja, saa moja, na ikitoka nje inapata nafuu. Malaria haina adabu ya kuwapanga watu sita na mifugo kwenye foleni namna hiyo. Muuguzi alituambia tungeziba vizuri kidogo tu zaidi, angetusikia kwenye matangazo ya redio. Lile gunia la mlangoni halikuwa limekaa sawa. Tuliokolewa na uvivu wangu.

Dende walipona wote kabla ya saa sita. Mukaka aliwaomba msamaha kwa Kinande. Sisi hakutuomba.

Sasa, mke wangu ana kaka yake mfanyabiashara. Kumwambia mtu wa Butembo kwamba shemeji yako ni mfanyabiashara ni sawa na kumwambia ana pua. Yeye huenda Dubai na Guangzhou, na habari za mbabula zilimkuta Dubai, katika ghala la vitu vilivyotumika vya Japani. Akanipigia simu: "Shemeji, nimepata dawa ya baridi yenu." Dawa ilipita Mombasa, ikavuka Uganda, ikaingia Kasindi ndani ya katoni moja na vipuri vya gari, ikafika kwetu imefungwa kwa blanketi. Ilikuwa hita ya petroli. Kifua cha bati jeupe, wavu mbele, utambi mnene wa duara katikati, na tangi pembeni la kutia mafuta. Majirani walikuja kuitazama kama mtoto mchanga.

Maelezo yote yalikuwa kwa Kijapani, yamebandikwa juu ya bati na michoro yenye alama za msalaba mwekundu. Shemeji aliporudi, tulikaa kikao kuzisoma. Mchoro wa shati lililotundikwa juu ya hita: shemeji akasema maana yake haikaushi nguo vizuri. Mchoro wa mtu amelala: mgonjwa asiitumie. Mchoro wa dirisha lenye mishale: hapo tulitofautiana, mimi nikasema ni upepo, yeye akasema ni nembo ya kiwanda.

Utambi mpya ukiwekwa petroli unatakiwa kuachwa nusu saa uinywe mpaka ushibe. Shemeji aliupa dakika mbili. Utambi mkavu haukuchoma mafuta, uliungua wenyewe, na sebule yetu ilinuka manyoya ya kuku kwa siku mbili. Baada ya hapo tukajifunza kuusikiliza. Ukiupandisha mno unapiga masizi, dari linapata sharubu. Ukiushusha mno ili kubana matumizi, ambako ndiko mkono wa kila baba unakokimbilia, mafuta hayaungui sawasawa, macho yanawasha, na ile hewa ya mbabula inarudi kwa mlango wa nyuma. Katikati hapo, kile kikombe cha wavu juu ya utambi kinang'aa chungwa pande zote sawasawa, na nyumba inakuwa Beni.

Usiku wa kwanza ilipokaa sawa, kila mtu alitabasamu. Mtoto mkubwa akaruka kwa furaha. Hita ikasema *klak*, ikazima.

Nikaiwasha. Mke wangu akafunga mlango kwa nguvu zake za kawaida. *Klak.* Nikaiwasha. Nje likapita lori la mbao. *Klak.* Usiku ule niliiwasha mara saba, na nilipochoka nilikuwa nimepata joto kwa kuinama na kuinuka tu.

Kesho yake nikaibeba kwa fundi wa redio na pasi sokoni. Akafungua mgongo, akatazama ndani kwa tochi ya simu, akacheka. "Mwalimu, kuna jiwe linaning'inia hapa. Ndilo linakusumbua. Nikate?" Akanionyesha: kijiti chenye uzito, na springi iliyokazwa. Uzito ukicheza, springi inafyatuka, utambi unashuka chini mara moja. Nikabaki nimekodoa. Japani ni nchi ya matetemeko. Huko hita ikipinduka nyumba ikitikisika, mtaa mzima unaweza kuteketea. Basi wamefundisha kila hita kujizima yenyewe ardhi ikitingishwa. Hii yetu haikuwa mbovu. Ilikuwa inatusikia tunavyoishi, na kwa hesabu yake tunaishi ndani ya tetemeko.

Nilikuwa karibu kumwambia fundi akate. Nikasema kwanza nimweleze Mukaka, maana hela ya fundi ingetoka kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hii kintu inajua dunia ikitetemeka?" Inajua, Mukaka. Akanyamaza. Alikuwa msichana wakati wa tetemeko la Machi 1966, lile lililoangusha nyumba na kuua watu upande wa Toro kule Uganda na huku Beni, na hasimulii sana habari zake isipokuwa kwamba walilala nje siku nyingi na hakuna aliyetaka kuwasha moto. "Usikate," akasema. "Iko na akili kukushinda."

Kwa hiyo ni sisi tuliobadilika. Watoto wakiingia sebuleni wanatembea kama masista. Mke wangu anafunga mlango kwa kidole kimoja. Na hita ikitaka kutukumbusha, inangoja lori.

Baadaye kijana wa shirika moja aliyekaa kidogo Japani alitusomea yale maelezo, na tukaambiwa kwamba kitu chochote cha kuungua kikae mbali nayo angalau mita moja kila upande. Sebule yetu ina upana wa mita tatu. Nikachora ubaoni kama ninavyofanya darasani: hita katikati, mita moja kulia, mita moja kushoto, mbele na nyuma. Kilichobaki cha sisi kukalia kilikuwa dirishani na mlangoni. Viti vyetu vina mito ya sufi. Kalenda ya parokia ni karatasi. Mukaka anavaa vitenge viwili. Ukiifuata sheria kwa herufi, hita inastarehe sebuleni peke yake na familia inaichungulia kutoka nje.

Tulisogeza vitu, tukabana, tukaridhika. Isipokuwa suruali yangu. Ilikuwa suruali ya Jumapili, imefuliwa Jumamosi na haijakauka, maana huku nguo hukauka kwa maombi. Nikaitundika kwenye kiti, kiti nikakigeuza mgongo, nikasema ni dakika kumi. Niseme hapa jambo la mwalimu: lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke ambao ukipoa ni maji karibu lita moja, kwa hiyo mtu anayekausha nguo kwa hita ya petroli katika chumba kilichofungwa anailetea nguo maji mengine. Hilo nilikuja kulijua kwa kutazama kuta zetu zikitokwa jasho. Suruali lakini haikungoja sayansi. Ilikauka magotini, ikaendelea. Nilienda misani na suruali ya buluu yenye magoti ya rangi ya chai, na aliyekuwa mbele yangu akageuka mara mbili wakati wa kupiga magoti.

Tukanunua ndoo, tukaijaza mchanga, tukaiweka karibu na mlango, kwa kuwa moto wa petroli ukiumwagia maji mafuta yanaelea juu na kuusambaza nyumba nzima. Unaufunika kwa mchanga au blanketi zito lililoloweshwa. Paka wa jirani aliielewa ndoo ile kwa namna yake. Sasa ina kifuniko.

Nije kwenye siku yenyewe.

Petroli ya hita huishia Jumapili usiku, sijui kwa nini. Bidoni ya lita tano ilikuwa tupu, hita imezimika dakika ileile na bado ina joto, watoto wameanza kujikunja. Nikamtuma kijana wa shangazi: "Kimbia kwa Kadafi ulete petroli." Kadafi ndivyo tunavyomwita muuza mafuta wa kando ya barabara, mwenye chupa zake juu ya kimeza, kwa heshima ya yule aliyetawala nchi yenye mafuta mengi. Kijana hakuuliza kitu, lakini alinitazama kidogo. Mimi nilidhani ni uvivu. Kumbe alikuwa anawaza.

Kule alikokulia, petroli ni ile ya magari. Ya taa huitwa mafuta ya taa. Huku kwetu, kwa sababu ya Kifaransa, ya taa ndiyo petroli, na ya magari ni esanse. Kijana alijua kwamba huenda kuna mtego. Kwa hiyo alipofika hakutaja jina lolote, alisema tu anataka mafuta, lita tano. Na Kadafi, mtu mwangalifu wa kazi yake, akamuuliza: "Ya taa ao ya moto?"

Swali zuri sana. Ila Kongo, moto ni pikipiki. Kijana akatafakari. Nyumbani wanataka kuwasha kile kitu, wanataka moto. Taa tunayo ya sola. Akajibu kwa uhakika wote wa mtu aliyeelewa: "Ya moto."

Akarudi na lita tano za esanse, anahema, amejisifu njia nzima.

Mimi nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha tangi. Hita haijapoa, nimeiacha palepale sebuleni badala ya kuitoa nje, nimeshika pampu ya kunyonyea, mshumaa uko mezani. Nikihesabu leo, nilikuwa nimekusanya makosa manne na ninasubiri la tano liletwe na bidoni. Kijana akafungua. Harufu ikaingia mbele yake.

"Ngoja," akasema Mukaka. Hakuinuka. Alinyosha mkono, akazima mshumaa kwa vidole, kisha akainuka, akachukua bidoni akatoka nayo barazani. Tukamfuata. Akachovya kidole, akadondosha tone moja juu ya ngazi ya saruji. Kisha akaomba koroboi yake ya zamani, akadondosha na tone la petroli pembeni. Nikamulika kwa simu. Matone mawili, yamekaa kama macho. Mukaka akaanza kusema, "Mutoto, hii ya kwanza haiko—" na kabla hajafika kwenye jina, tone la kwanza lilikuwa limetoweka, saruji imekauka. La pili lilibaki linang'aa.

Esanse hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Petroli ya taa, mpaka ifikishwe kwenye joto la nyuzi 38 hivi, ndipo mvuke wake ukubali cheche. Ndiyo maana inahitaji utambi wa kuibembeleza. Hita imetengenezwa kwa mafuta mapole. Ukiitia yale ya pikipiki haipashi nyumba moto, inaifungua. Miguu ikaniisha nguvu, nikakaa kwenye ngazi, juu ya tone.

Kijana alikuwa anakaribia kulia. "Lakini kaka, aliniuliza mwenyewe, ya taa au ya moto!" Mke wangu akaanza kucheka, cheko lile la woga linalokuja baadaye, na wote tukamfuata, hata Mukaka, ambaye nadhani hakuwa ameelewa lugha ya Mwanza bali alikuwa anacheka sura yangu. Esanse ilinunuliwa usiku uleule na dereva wa pikipiki wa nyumba ya nyuma, kwa bei ya huruma. Huruma ilikuwa yake.

Tangu hapo mimi ndiye ninayekwenda kwa Kadafi, na bidoni yetu ya buluu tuliyoiandika PETROLI YA TAA kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Petroli haiwekwi kwenye chupa tena, baada ya shemeji, aliyekuja kuona zawadi yake inaendeleaje, kujimiminia kinywani alichodhani ni maji. Aliyatema yote. Mke wangu alitaka kumtapisha kwa maziwa. Muuguzi wa kituo, ambaye sasa ameizoea namba yetu, alisema kwa simu asitapishwe kabisa, maana petroli inayorudi juu inapotea njia na kuingia mapafuni, aletwe atazamwe. Shemeji alitazamwa. Alipumua harufu ya koroboi mpaka Jumatano, na hakuna aliyekubali kumwashia sigara.

Kadafi ananitania. "Mwalimu, lita tano kila wiki! Hiyo taa yenu ni ya mtaa mzima?"

Kwa namna fulani ni kweli, kwa kuwa dirisha haliruhusiwi kufungwa. Linaachwa wazi upana wa vidole viwili, na mlango wa korido wazi. Juu ya hili nimekosana na mke wangu wiki tatu. Anasema tunanunua petroli kwa dola ili kupasha joto Butembo. Namjibu Butembo inahitaji. Mukaka ndiye aliyekata shauri: vidole viwili, vya kwake, na yeye mwenyewe ndiye anayepima kila jioni, anaviingiza kwenye upenyo wa dirisha kama anayepima unga. Hita inawaka kuanzia chakula hadi rozari. Kabla ya kulala inazimwa, na kila mtu anachukua blanketi zake tatu. Yule mtu wa kwenye mchoro, tumekuja kumwelewa, hakuwa mgonjwa.

Jana lori limepita saa mbili usiku, limebeba mbao mpaka juu, likikwaruza gia kwenye mlima. *Klak.* Giza dogo likaingia sebuleni. Watoto hawakuinua hata macho kwenye madaftari. Nikanyosha mkono kutafuta kiberiti, lakini Mukaka akaniwekea kiganja kwenye goti, la suruali ileile. Ameinamisha kichwa upande wa jikoni, anasikiliza. Mke wangu alikuwa huko, anakata majani. Dende wakapiga mluzi, wote kwa pamoja.

"Haya," akasema. "Washa."